Biskuti za mbwa zisizomharisha: boga na unga wa mchele

Mbwa akiharisha kila anapokula biskuti za nyumbani, angalia kwanza maziwa, siagi na mafuta. Mbwa wengi wazima hawamudu sukari ya maziwa, na mafuta mengi huweza kuwaletea uvimbe wa kongosho. Kwa mbwa wetu, tatizo liliisha tulipoviondoa vyote vitatu na kuweka boga.

Changanya vikombe 2 vya unga wa mchele, kikombe 1 cha boga lililochemshwa na kupondwa, na yai 1. Basi. Chumvi na sukari, acha kabisa. Boga lichuje kwenye kitambaa kwanza, maana maji yake ndiyo yanayofanya donge linate na biskuti zibaki mbichi katikati. Likinata bado, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Unga wa mchele hauna gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike, hivyo donge hupasuka ukilisukuma kama chapati. Libonyeze kwa viganja hadi unene wa nusu sentimita, ukate.

Oka kwa nyuzi 175 dakika 25, kisha shusha hadi 100 uziache saa nzima zikauke. Wengi huruka hatua hii, na baada ya siku chache biskuti zinaota ukungu.

Kitunguu, kitunguu saumu, zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, usiviguse. Siku ya kwanza mpe kipande kimoja tu. Akizoea, zisizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku. Ukiona damu kwenye kinyesi, mpeleke kwa daktari wa mifugo.