Kanopi ya Sentimita 135

Asubuhi moja ya Mei 2013 nilikuwa nimeketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, katikati ya bodi ya pikapu yangu, kwenye uwanja wa fundi wa kuchomelea pale Mafiati jijini Mbeya, naye mzee huyo, aliyekuwa akijiandaa kunitengenezea kanopi, yaani kifuniko cha bodi chenye kuta na paa, akinipima kwa utepe kama fundi cherehani anayempima bwana harusi. "Usijinyooshe, kijana wangu," aliniambia. "Keti kama utakavyoketi ukiwa umechoka." Alipima kutoka sakafu ya bodi hadi utosini mwangu, akapata sentimita 121, akaiandika namba hiyo kwa chaki ubavuni mwa gari. Kisha akaniomba koti refu kuliko yote niliyokuwa nayo, akalitundika kwenye henga na kulipima nalo kuanzia ncha ya ndoano hadi pindoni.

Wakati huo nilikuwa nikiuza makoti ya mitumba. Niliyachagua kwenye marobota ya Mwanjelwa na kuyapandisha kwenye magulio ya safu ya milima ya Uporoto, kupitia Isyonje hadi Kikondo, na mara nyingine nikavuka uwanda wa Kitulo hadi Matamba. Huko juu, ambako sehemu kubwa ya uwanda imepita meta 2,500 kutoka usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai huacha sakitu juu ya majani, na koti zito ni bidhaa isiyohitaji kupigiwa debe. Tabu yangu haikuwa wateja, ilikuwa ni gari. Nilifunika mzigo kwa turubai, na kila nilipofika gulioni nilikuta makoti yamekunjamana na yale ya pembeni yamelowa, mteja akilazimika kufukua lundo kama anayechimba viazi. Usiku nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kulipia chumba na kuuacha mzigo nje, au kujikunja ndani ya kebini hadi alfajiri nikiamka na shingo iliyokakamaa. Pikapu yangu ilikuwa ya kebini moja, na bodi yake ilikuwa na urefu wa kutosha mtu kulala amejinyoosha. Kilichokosekana kilikuwa paa.

Kwanza nilikuwa nimepata kanopi ya faiba iliyotumika, nyeupe, yenye vioo vya pembeni na paa lililo sawa na paa la kebini, kwa shilingi 600,000. Nilivutiwa nayo sana, kwa sababu ilikuwa nyepesi, haikuwa na kutu, na kwa kweli ililipendezesha gari. Mke wangu, ambaye nilimchukua ili aje kuisifia, aliingia ndani yake kwa magoti, akajaribu kugeuka, akagonga kichwa, akatoka kinyumenyume. "Baba Neema," alisema huku akijipangusa vumbi, "humu utavaa suruali ukiwa umelala chali." Muuzaji alicheka, lakini mimi nilijua kwamba biashara hiyo ilikuwa imekufa papo hapo.

Kwa hiyo nilipofika Mafiati nilikuwa nimeegemea upande wa pili kupita kiasi. Nilitaka kanopi ya kusimama wima, sentimita 175 kutoka sakafuni, yenye bomba la kutundikia makoti juu na godoro chini, ili mteja aweze kuingia ndani na kujaribu koti bila kuinama. Fundi hakunibishia. Alichukua mirunda minne, akaisimamisha kwenye pembe za bodi, akaifunga kwa waya hadi kimo nilichokitaka, akazungushia turubai na kulikaza kwa kamba. "Nenda mpaka Inyala, urudi," aliniambia, "halafu tutazungumza."

Nilifika Uyole bila matatizo na nikaanza kumwona mzee kuwa mwoga. Nilipoiacha Uyole nyuma na kuongeza mwendo, upepo ulilikamata turubai na usukani ukaanza kuwa mwepesi mikononi, kana kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yakiaga barabara. Katika kona ya kwanza gari liliegemea upande mmoja na kuchelewa kurudi. Halafu likaja lori lenye tela likitokea upande wa pili, na lilipopishana nami pikapu ilisukumwa pembeni kwa mkono nisiouona, kisha ikavutwa kurudi, mirunda ikilia juu ya kichwa changu. Sikufika Inyala. Nilirudi Mafiati polepole sana, nikamkuta mzee akinywa chai, na hakuniuliza kitu.

Hapo ndipo aliponikalisha juu ya kreti. Hoja yake ilikuwa kwamba kimo cha kanopi hakipimwi kwa mtu aliyesimama, kwa kuwa hakuna anayesimama ndani ya pikapu isipokuwa anayepakua mzigo. Hupimwa kwa mtu aliyeketi na kwa kitu kirefu kuliko vyote kitakachotundikwa. Mimi nilihitaji sentimita 121 na koti lilihitaji karibu kiasi hichohicho likiwa na henga yake. Aliongeza kidogo kwa ajili ya bomba la kutundikia, na kidogo tena kwa ajili ya mashimo ya barabara, ambayo hurusha kichwa juu bila taarifa. Jumla ikawa 135. Bodi yenyewe ilichukua 45, hivyo kanopi ingekuwa na 90 juu ya ukingo wake na ingeizidi kebini kwa kimo cha rula ya shuleni na ushee.

Kazi ilichukua siku sita. Alitumia mabomba membamba ya pembe nne kwa fremu na bati jembamba kwa kuta, akakataa katakata bati zito nililolileta kwa kudhani linadumu zaidi, akisema kwamba kilo moja juu ya paa huyumbisha gari kuliko kilo kadhaa sakafuni. Sehemu ya mbele, ile iliyochomoza juu ya kebini, hakuisimamisha wima bali aliilaza kwa nyuma ili upepo upande juu yake badala ya kuigonga. Tulitofautiana katika jambo moja tu. Alitaka kukata matundu mawili kwenye paji hilo, yenye mapezi ya bati ya kuzuia mvua, kwa nyongeza ya shilingi 40,000. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa 950,000, na sikuona kwa nini nilipie upepo uingie mahali nilipotumia fedha kuuzuia. Nilimwambia aache.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Kikondo, katikati ya Juni. Gari lilitulia barabarani kuliko nilivyotarajia, makoti yakining'inia nyuma kama abiria waliosimama. Baada ya Isyonje, kwenye barabara ya vumbi, sikuona dalili yoyote mbaya hadi niliposimama na kufungua mlango wa nyuma: makoti meusi yote yalikuwa ya kahawia. Gari linapokwenda huacha ombwe nyuma yake, na ombwe hilo lilikuwa limevuta vumbi kupitia kila upenyo wa mlango na kulijaza ndani. Usiku nilijifungia humo, nikalala vizuri kwa saa chache, kisha nikaamshwa na tone la maji lililonidondokea jichoni. Niliwasha tochi. Bati lote la paa lilikuwa limejaa matone, pumzi yangu mwenyewe iliyogandamana kwenye chuma baridi, na yalikuwa yakishuka kwenye bomba la kutundikia na kuingia kwenye mabega ya makoti, moja baada ya jingine.

Niliporudi Mafiati mzee alisikiliza habari za vumbi na za matone bila kunikatiza. Alieleza kwamba hewa inayoingia kwa mbele hujaza kanopi na kuzuia vumbi lisivutwe kwa nyuma, na kwamba matundu hayohayo hutoa pumzi usiku. Kisha akapanda juu ya boneti, akachukua kitambaa chenye petroli na kufuta rangi kidogo kwenye paji la kanopi. Chini yake palikuwa na miraba miwili, iliyochorwa kwa msumari kwenye bati kabla halijapakwa rangi.

"Elfu arobaini ileile, mzee?" nilimuuliza.

"Hamsini," alijibu. "Sasa nina rangi ya kurudishia."