Wimbi lisilohama: nilivyojifunza kusimama juu ya Mto Nile

Nimekulia Malindi. Kusi likivuma, mawimbi huingia ghubani, nasi watoto tuliyapanda kwa vipande vya mbao. Kazi iliponileta Jinja, Uganda, nikasikia kwamba chini ya bwawa la Bujagali kuna vijana wanaopanda mawimbi ya mto, nikaenda na ubao wangu nikiamini kazi hiyo naijua.

Siku ya kwanza mto ulinichukua mara tatu. Nilikuwa nimekaa kama nilivyozoea, nasubiri wimbi lije. Kijana Msoga anayeongoza watu wa kayaki, aliyejifunza Kiswahili akifanya kazi Busia, akanipigia kelele kutoka ukingoni: "Kaka, wimbi halitakuja! Lipo palepale, wewe ndiye unayepita!"

Baharini wimbi husafiri, na maji yenyewe hubaki karibu palepale. Kwenye Nile maji ndiyo yanayokimbia. Yanateremka juu ya mwamba kwa kasi, yanakutana na maji mengi yanayokwenda polepole, yanajikusanya na kuinuka. Uzito wako unakuvuta chini ya mteremko huo, maji yanakusukuma juu, na ukiipata mizani unabaki mahali pamoja huku mto mzima ukipita chini ya miguu.

Kilichonisumbua zaidi ni kiasi cha maji. Nyumbani naangalia mwezi: najua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, najua maji mafu, yanapobadilika kidogo tu. Huku mwezi hausaidii. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, likamilike mwaka 1954 na kuzamisha maporomoko ya Ripon, maji ya Ziwa Victoria hutoka kwa kufunguliwa milango. Kisha likaja Bujagali mwaka 2012, halafu Isimba mwaka 2019, ambalo ziwa lake lilifunika sehemu ya mto wenye kasi. Umeme tunauhitaji, lakini kila nikisikia wenyeji wakitaja maporomoko yaliyozama, roho inaniuma.

Maji yakizidi, wimbi linafunikwa na kulala. Yakipungua, linabaki povu tu, na mwamba unakuwa karibu mno. Yule kijana akanionyesha jiwe moja jeusi ukingoni. Likionekana nusu, twende. Likizama lote, tukae tunywe chai. Nikaanza kuandika kwenye daftari saa na hali ya jiwe, asubuhi na jioni, kwa wiki tano. Hakuna kitu kilichonisaidia kuliko daftari lile.

Ilibidi pia niache mazoea ya baharini. Kamba ya kifundoni, ile inayofunga mguu na ubao, niliivua, kwa sababu mtoni ikinasa kwenye jiwe mkondo hukushikilia chini ya maji. Nikavaa jaketi okozi na helmeti. Nikianguka sisimami hata maji yakiwa ya kiunoni, maana mguu ukiingia kati ya mawe mto unakulaza kifudifudi. Nalala chali, miguu mbele, kisha naogelea kwa mshazari kuelekea maji ya pembeni yanayozunguka kurudi nyuma. Hayohayo ndiyo yanayonirudisha juu karibu na wimbi, na ndiyo mlango wa kuingilia. Sikai kwenye maji yaliyotuama penye majani, kwa kuwa konokono wa kichocho hupenda hapo. Hata hivyo nilikwenda kupimwa na kupewa dawa.

Wiki ya sita, jiwe nusu. Niliingia kutoka pembeni nikilalia ubao, pua yake ikielekea juu ya mto, nikahisi mvutano wa chini umenishika. Nikainuka taratibu, uzito mguu wa nyuma. Maji ya kijani yalinipita kwa kishindo na mimi nikawa sisogei. Nilihesabu mpaka ishirini na mbili. Nilipogeuka kumtafuta yule kijana ukingoni alikuwa anaonyesha jiwe kwa kidole: maji yalikuwa yanapanda, naye alishaanza kukunja kamba zake.