Miguu ya baba inaganda mlangoni: tulivyofanya kabla ya kuuza shamba

Mzee wangu ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, tunaishi naye Nkuhungu hapa Dodoma, na kinachomtesa kuliko hata kutetemeka ni miguu kuganda. Anatoka chumbani vizuri tu, akifika mlangoni nyayo zinanata sakafuni, visigino vinanyanyuka, magoti yanatetemeka, kiwiliwili kinaenda mbele miguu imebaki nyuma, na hapo ndo anapoanguka.

Kaka akaona video ya mtu kawekewa waya kwenye ubongo, mashine ikiwashwa tu mkono unatulia palepale, akaitisha kikao tuuze shamba la zabibu la Hombolo tumpeleke baba India. Sikupinga ila niliomba nisome kwanza, maana shamba likishauzwa limeuzwa.

Hiyo tiba kumbe sio ya jana. Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake kule Grenoble, Ufaransa, walianza nayo 1987 kwa wagonjwa wa kutetemeka, waya mwembamba unaingizwa ndani kabisa ya ubongo na betri inakaa chini ya ngozi ya kifua inatuma umeme kama mara 130 kwa sekunde. Kutetemeka na kukakamaa kunapungua sana, kutembea ndo shughuli. Watafiti wamejaribu kushusha umeme mpaka mara 60, wamejaribu kuuweka waya chini zaidi kwenye shina la ubongo, kuna waliopata nafuu na wengine wapi. 2023 timu ya Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch kule Lausanne, Uswisi, wakaeleza mgonjwa waliyemchochea uti wa mgongo kwa umeme akatembea vizuri zaidi, ila ni mgonjwa mmoja.

Lililonishika zaidi ni hili: ukiacha kutetemeka, operesheni kwa kawaida inasaidia zile dalili ambazo levodopa, ile dawa kuu ya Parkinson anayomeza baba, nayo inazisaidia. Mtu anayeganda hata dawa ikiwa imekolea, waya nao mara nyingi haumfungui. Ndo maana kabla ya kupasua wanampima mgonjwa akiwa hana dawa, wanampa, wanampima tena.

Basi nikawaambia nyumbani tutafute jibu la hilo kabla ya kutafuta mteja wa shamba. Nikaweka daftari juu ya friji, kila mtu anaandika saa baba aliyomeza kidonge na saa aliyoganda, mama hasomi vizuri yeye akawa anamwambia mjukuu aandike, na mimi nikamrekodi kwa simu akipita mlango uleule kabla ya dawa na baada ya dawa. Daktari wa mishipa ya fahamu alipoangalia zile video akauliza asubuhi mzee anakula nini. Ugali wa uwele na maziwa mgando, kidonge hapohapo. Akatueleza protini na levodopa zinagombea njia moja kama abiria kwenye mlango wa daladala, kwa hiyo kidonge kitangulie nusu saa hivi kabla ya chakula, na mwenyewe akapanga upya nafasi kati ya dozi, sisi hatukugusa kitu.

Kuganda kwa asubuhi kulipungua kabisa. Kulikobaki mtu wa mazoezi ya viungo akatufundisha kubandika selotepu nyeupe sakafuni, mistari ya kukatiza njia, umbali wa hatua moja, kuanzia kitandani mpaka nje ya mlango. Jamani, mtu aliyekuwa amesimama kama amepigiliwa misumari anaangalia mstari, ananyanyua mguu, anauvuka, anaendelea! Kugeuka tunamzungusha duara kubwa, hatumgeuzi papo kwa papo, na mama akimpigia makofi ya mwendo wa muheme, ngoma ya Wagogo, hatua zinafuata yale makofi. Akiganda hatumvuti mkono, ukimvuta anaanguka, tunamwambia "baba simama kwanza, hamisha uzito upande mmoja, haya twende".

Sokoni Majengo bado anaganda, watu wakimsukuma au mtu akimharakisha ndo kabisa, kwa hiyo huko haendi peke yake.

Kwenye kikao cha pili kaka alikubali shamba libaki, hela aliyokuwa anachanga ikaenda kwenye vidonge visikatike. Operesheni hatujaifuta, daktari kasema kwa kuwa miguu ya mzee inaitikia dawa, siku dozi zikianza kuisha nguvu mapema kupita kiasi atamwandikia rufaa akapimwe, na daftari twende nalo.