Nililaumu umeme miezi miwili, kumbe ni grafiki ya kompyuta

Steshenari yangu iko Kirumba, Mwanza, kwenye njia ya kushukia soko la Mwaloni. Mteja wangu wa kawaida anaingia na harufu ya dagaa kwenye kanga. Anataka ankara ya magunia yanayokwenda Congo, au barua ya kuomba kibali, au kopi mbili za kitambulisho, na anataka sasa hivi kwa sababu gari linapakia. Kompyuta ninayo moja tu, ya mezani, niliinunua ikiwa imeshatumika. Haina kadi ya grafiki ya kuchomeka. Kila kinachoonekana kwenye skrini kinachorwa na grafiki iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Wakati huo hilo sikulijua. Nilijua inawaka na inaprinti, basi.

Siku ilipoanza vituko alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mfanyabiashara wa dagaa, amekaa kwenye stuli pembeni yangu akinitajia maneno ya barua yake. Mtoto wa kaka yangu, ambaye hunisaidia dukani, alikuwa ameacha video ya muziki ikicheza chinichini kwenye kivinjari. Nimefika ukurasa wa pili, skrini ikaganda, ikawa nyeusi, halafu ikatokea nembo ya madabodi. Kompyuta inajiwasha upya.

"Mwanangu, barua yangu iko wapi?"

"Nisamehe mama, umeme huo."

Akainua macho kwenye taa. Ilikuwa inawaka. Akaangalia feni, inazunguka. "Umeme upi?" akauliza.

Ningemsikiliza yule mama siku ile ningeokoa pesa nyingi. Lakini hapa kwetu ukishasema umeme umemaliza kesi, hakuna anayekata rufaa. Nikachapa barua upya, nikaihifadhi kila baada ya mistari miwili, na jioni nikaanza kuulizia bei ya UPS, ile betri ya akiba inayolia umeme ukikatika.

UPS ilikuja, shilingi 180,000. Siku tatu baadaye kompyuta ikajizima na kujiwasha ikiwa imechomekwa kwenye hiyo hiyo UPS, nayo haikutoa hata mlio mmoja. Nikaondoa ekstenshen, nikachomeka ukutani moja kwa moja, hali ile ile. Na printa, ambayo siku zote ilikuwa kwenye soketi za ekstenshen ile ile, haikuwahi kuzima hata mara moja. Nalisema leo kwa urahisi. Wakati ule nililiona na sikuliona.

Nikampelekea fundi mjini, karibu na Makoroboi. Ni fundi mzuri, simsemi vibaya, na kosa alilofanya ningelifanya mimi pia. Alifungua Event Viewer, ile programu ya Windows inayoandika kila tukio la mashine, akashuka mpaka kwenye alama nyekundu, akaniita. "Dada, njoo uone." Palikuwa pameandikwa Kernel-Power, namba 41. Akaweka kidole kwenye neno la pili. "Pawa hiyo. Pawasaplai yako imechoka."

Nani angebisha? Limeandikwa. Tukabadilisha pawasaplai, 35,000, akapuliza vumbi, akaweka pesti mpya ya kupoza joto kwenye prosesa, nikapanda daladala kurudi Kirumba na sipiyu mapajani kama mtoto mgonjwa. Ikakaa siku moja na nusu.

Sasa nieleze tukio namba 41 ni nini, maana nimeona limewaponza wengi. Windows inapowaka hukagua kama mara ya mwisho ilizimwa kwa utaratibu. Ikikuta haikuzimwa vizuri, inaandika namba 41. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa umeme ulikatika, inaweza kuwa mtu kabonyeza kitufe akakishikilia, inaweza kuwa Windows yenyewe ilianguka. Jina lina neno pawa, lakini kulisoma kama "pawasaplai mbovu" ni sawa na kumkuta mtu amelala chini ukaandika kwamba ameuawa na sakafu.

Jibu lilikuwa kwenye tukio lile lile, hatua moja zaidi. Ukifungua kichupo cha Details utaona mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote, na hapo ndipo una haki ya kuushuku umeme, pawasaplai, joto, au mashine iliyoganda kabisa. Ukiwa na namba nyingine, ujue Windows iliona kosa, ikalipa jina, kisha ikajiwasha upya yenyewe. Mimi na fundi hatukufungua hicho kichupo.

Nyumbani kesi ilikuwa imeshahamia kwa yule kijana wa kaka yangu. Niligundua kwamba mashine inazima zaidi mchana, nikiwa nimetoka na yeye yuko kwenye kiti. Mimi nikikaa asubuhi na Word yangu, naweza kufika saa sita bila tatizo. Nikamkalisha chini.

"Unaigusa nini hii kompyuta?"

"Shangazi, siigusi chochote. Naangalia mpira tu."

"Mpira unazimaje kompyuta?"

"Sijui. Ila haizimi kama umeme ukikatika. Inaganda kwanza, sauti inakwama inarudia rudia, halafu inapita bluu kidogo, ndiyo inawaka."

Inapita bluu. Kijana alikuwa ametoa ushahidi kamili mbele yangu, nami nikamjibu kwamba kuanzia kesho ni marufuku kuangalia mpira dukani. Nilimtuhumu mpaka kwa mama yake kwenye simu, jambo ambalo baadaye ilibidi nilirudie kwa simu nyingine ya kuomba radhi.

Fundi safari ya pili akashauri tupige Windows upya. Tukapiga. Na hapa pana kipande ninachokipenda kuliko vyote katika mkasa huu. Nilirudi nayo ikiwa safi, sina bando, nikaitumia siku mbili bila intaneti. Maandishi yalikuwa makubwa ya ajabu na picha zimevutika kama zimekanyagwa, lakini haikuzima hata mara moja. Kijana alicheza video kutoka kwenye flashi yake mchana kutwa, ikikwama kwama, haikuzima. Siku ya tatu nikaweka bando. Jioni ile skrini ikajirekebisha yenyewe, maandishi yakawa saizi nzuri, nikafurahi. Kesho yake saa saba mchana, ikazima.

Nikasema ni virusi, vimeingia na intaneti.

Havikuwa virusi. Windows mpya haina draiva ya grafiki yako, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha grafiki, kwa hiyo inatumia ya msingi, iitwayo Microsoft Basic Display Adapter, inayochora skrini kwa njia rahisi kabisa bila kuisumbua grafiki. Ndiyo maana picha zilivutika. Nilipoweka bando, Windows ikaenda kuchukua draiva kamili mtandaoni na kuiweka kimya kimya. Draiva ile ile iliyokuwa inaangusha mashine kabla ya kupiga Windows. Tulifagia nyumba, tukaufungulia mlango mchafu yule yule.

Aliyenifungua macho ni mteja, kijana anayesomea kompyuta, aliyekuja kuprinti ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Nilimlalamikia kama ninavyomlalamikia kila mtu. Hakugusa waya hata mmoja. Alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika sysdm.cpl, akaenda kwenye Advanced, kisha Startup and Recovery, akatoa tiki kwenye Automatically restart. "Mama, ikianguka tena haitajiwasha. Itabaki na skrini ya bluu. Usiizime, ipige picha na simu."

Wala haikuchukua muda. Nilimwondolea kijana wa kaka marufuku, nikamwomba aangalie mpira kwa ajili ya sayansi. Kipindi cha kwanza hakikuisha. Bluu, na chini yake maandishi: VIDEO_TDR_FAILURE. Nikarudi kwenye Event Viewer, Details, BugcheckCode: 278. Hiyo ni namba ya kawaida. Ukiigeuza kwa kikokotoo cha Windows kwenda mfumo wa kumi na sita (hexadecimal, ambao huandikwa 0x mbele) inakuwa 116, na 0x116 ndiyo namba ya kosa hilo hilo la bluu. Nikaenda kwenye matukio ya nyuma, yale ya tangu tupige Windows upya, maana ya kabla ya hapo yalifutika. 278, 278, 278. Bila shaka hata wakati nanunua pawasaplai, jina la mhalifu lilikuwa limeandikwa humo ndani.

Maana yake, kwa nilivyoelewa na kuhakikisha: Windows huipa grafiki kazi na kusubiri kama sekunde 2. Isipojibu, Windows huiamsha draiva upya, skrini inapepesa na maisha yanaendelea. Ikishindikana kuiamsha, Windows inasimamisha kila kitu. Ile sauti iliyokuwa ikikwama ni zile sekunde za kusubiri. Na video ndiyo ilikuwa ikiichokoza kwa sababu kivinjari hakichezi video kwa nguvu ya prosesa peke yake, kazi ya kuifungua picha kinaitupia grafiki. Word haina shida hiyo. Kwa hiyo kijana wa watu hakuwa na kosa lolote zaidi ya kupenda mpira.

Sikutaka kukimbilia tena. Draiva ni mshukiwa, lakini grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM ya kompyuta. Mashine yangu ina GB 8, na Windows inaandika kwamba zinazotumika ni 5.9, nilishawahi kudhani muuzaji aliniibia, kumbe GB 2 zimetengwa na baiosi, programu ya msingi ya madabodi, kwa ajili ya grafiki. Sasa RAM ikiwa na ubovu, grafiki nayo inaweza kuanguka na ukailaumu bure. Nikaiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ipite usiku kucha. Asubuhi hakuna kosa hata moja. Joto nililiangalia pia, lilikuwa la kawaida.

Kisha nikafanya jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningelijua, maana halina gharama. Nikaingia Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, nikaizima grafiki kwa Disable, skrini ikarudi kwenye ule ubaya wa picha zilizovutika. Siku nzima ya video. Haikuzima. Kesho yake nikaiwasha, ikaanguka kabla ya saa moja kupita. Nikazima tena, ikatulia tena. Hapo ndipo niliridhika.

Kitufe cha Roll Back Driver, cha kurudisha draiva iliyotangulia, kilikuwa kimefifia. Tulipopiga Windows tulifuta na draiva ya zamani, hakuna pa kurudi. Nikaingia kwenye tovuti ya waliotengeneza madabodi, nikatafuta kwa namba ya modeli iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, nikapakua draiva ya zamani waliyoiweka kwa ajili ya bodi hiyo. Nikachomoa intaneti. Hili msilipuuze, maana ukiacha bando linawaka Windows inakuwahi. Nikawasha kwa Safe Mode, ambapo Windows inawaka na vitu vya msingi tu, nikaondoa draiva mbovu huku nimeweka tiki ya kufuta na mafaili yake, nikawasha kawaida, nikaweka ile ya zamani, nikawasha upya. Halafu, kabla ya kurudisha intaneti, nikaenda kwenye mipangilio ya usakinishaji wa vifaa nikaiambia Windows isijiletee draiva yenyewe.

Kwa asiyeweza kupata draiva ya zamani leo, kuzima hardware acceleration, yaani kukizuia kivinjari kuitupia grafiki kazi, kwenye mipangilio ya kivinjari kunapunguza makali. Mimi niliitumia siku nne nikisubiri kupakua, ikaanguka mara moja tu, ingawa video zilikuwa nzito na feni ya prosesa ikalia kama boti la Ukerewe.

Fundi nilimpelekea picha ya skrini ya bluu kwa simu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaandika: "Dada, ile 41 imenitia aibu." Aliniomba nimwelekeze kile kichupo cha Details. Pawasaplai ya zamani alinirudishia, ipo chini ya meza, nzima kabisa.

Huu ni mwezi wa tano tangu hapo. Haijaanguka. UPS nayo imepata kazi yake halali, umeme ukikatika kweli inalia na mimi nahifadhi. Kijana anaangalia mpira wake saa za mchana wateja wakipungua, na sauti ameiweka juu kwa makusudi nadhani.

Yule mama wa dagaa amerudi mara tatu. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, anavuta stuli ile ile, anakaa, na kabla hajanitajia neno la kwanza la barua anaangalia taa, anaangalia feni, kisha ananiuliza: "Umehifadhi?"