Nilivyofuta picha za babu mwenyewe nikidhani nimezitunza

Simu yangu ilifika mahali inagoma hata kupokea voisi noti, memori imejaa, na Google nako zile GB 15 za bure zilikuwa zimeisha, maana humo haziingii picha peke yake, imeli zimo, Drive imo, na siku hizi hata bakapu ya WhatsApp kwa sisi wa Android inahesabiwa humo humo. Zamani tulipakia bila kuhesabu, raha hiyo iliisha Juni 2021.

Basi nikajifanya mjanja. Nikawaza picha si zimeshapanda huko juu, yaani kwenye hifadhi ya Google mtandaoni, ngoja nizifute kwenye simu. Nikaingia humo humo ndani ya Google Photos, nikachagua mwaka mzima wa 2017, nikafuta, simu ikapumua nami nikalala fofofo. Wiki tatu baadaye mama huyo kapiga, "mwanangu hebu nirushie ile picha ya babu yako amekaa kwenye mkeka kule Lushoto." Natafuta, hakuna. Nafungua kwenye laptopu, hakuna. Jasho lilinitoka jamani. Kumbe ukifutia ndani ya ile apu inaondoka kote, kwenye simu na huko juu, na kosa langu mwenyewe kwa sababu huwa inauliza kwanza, mimi nilibonyeza tu bila kusoma. Pona yangu ni kwamba picha iliyokwisha kupanda hukaa kwenye kapu la taka siku 60 (ambayo haijapanda ni 30), mimi nilikuwa kama siku ya 22. Nikazirudisha zote. Mama nilimwambia mtandao ulikuwa unasumbua.

Toka hapo nikitaka nafasi natumia kile kitufe cha kuachia nafasi, chenyewe kinaondoa kwenye simu zile tu ambazo zimeshapanda. Folda ya WhatsApp nimeizimia bakapu kabisa, uchafu wote ulikuwa humo: vikao vya harusi, michango ya misiba, mabango ya mikutano ya injili, halafu kila picha niliyotuma mimi ina kopi yake nyingine kwenye folda ya Sent. Nilizipunguza jioni mbili nikiwa kwenye foleni ya Mbagala.

Kitu kilichonichosha zaidi ni tarehe. Picha ikipita WhatsApp kawaida inabanwa na tarehe yake halisi haiji nayo, ndo maana harusi ya dada ya 2018 ilikuwa imekaa 2022 katikati ya picha za mtoto anatoka jino. Nimerekebisha moja moja kwa mkono. Sasa hivi ndugu nawaambia nitumieni kama dokumenti, wanalalamika ila wanatuma.

Na nilinunua hadi disk ya nje. Unaomba kopi ya picha zako kupitia Google Takeout, huduma yao ya kukurudishia vitu vyako, wanakuandalia faili za zip, yaani mafurushi ya picha nyingi pamoja, nilichagua za GB 2 ili moja ikikata nisianze upya zote, nikaweka alamu saa sita usiku bando la usiku lianze. Mle ndani kuna vifaili vidogo vya maandishi viitwavyo json pembeni ya picha, usivifute, ndo vimebeba tarehe.

Imebaki simu ya mama. Ina picha za maua zimeandikwa "asubuhi njema" sijui ngapi, na hataki hata moja iguswe, eti aliyemtumia atauliza.