Shina la Tatu

Mwezi Machi 2016 nilipanda mashina matatu ya rubabu (kwa Kiingereza rhubarb), mmea ambao vikonyo vichachu vya majani yake hupikwa na kuliwa, aina ya Timperley Early, katika kishamba nilichokodi pembezoni mwa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Nilichimba mashimo yaliyoachana karibu mita moja, nikachanganya udongo na samadi iliyooza, kisha nikayafukia mashina huku macho yake yakichungulia juu ili yasioze. Jirani yangu, mzee aliyekulia karibu na Wakefield, mji ulio jirani na Leeds, na kufanya kazi ujanani katika mabanda ya rubabu, alinisaidia kushindilia udongo, halafu akanipa sharti moja: mwaka huo nisivune hata kikonyo kimoja.

Nilimwitikia, lakini sharti lenyewe halikuniingia. Nimekulia Lushoto, ambako mchicha huchumwa wiki chache tu baada ya kusiwa, na mboga iliyostawi ikiachwa bila kuchumwa huhesabiwa kuwa imepotea. Kufikia Juni vikonyo vilikuwa vinene kama kidole gumba, vyekundu chini na vya kijani kuelekea kwenye jani, na shangazi yangu alikuwa amewasili kutoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Nilitaka sana ale kitu nilichokipanda kwa mikono yangu. Nilikishika kikonyo cha kwanza chini kabisa, nikakizungusha kidogo huku nikikivuta, kwa maana rubabu haikatwi kwa kisu, nacho kikachomoka kikiwa na kitako cheupe chenye utando wa rangi ya waridi. Nikaendelea hivyo mpaka shina la pembeni likabaki tupu. Majani, ambayo yana sumu, niliyatupa kwenye mboji. Vikonyo nikavipika kwa sukari, na shangazi, baada ya kukunja uso kwa ule uchachu, akaomba aongezewe.

Jioni ya siku iliyofuata mzee alisimama kwa muda mrefu mbele ya shina lile. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba majani ya mwaka wa kwanza ndiyo yanayoilisha mizizi, na kwamba akiba inayowekwa huko chini ndiyo inayotoa vikonyo vya mwaka unaofuata. Hata wakulima wa Wakefield, ambao wakati wa baridi huvuna rubabu katika mabanda yenye giza kwa mwanga wa mishumaa, kwanza huiacha mizizi shambani miaka miwili bila kuivuna. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mapema.

Majira ya kuchipua ya 2017 yalinionyesha tofauti waziwazi. Mashina mawili niliyoyaacha yalitoa vikonyo vipana, ilhali la tatu lilitoa vinne tu, vyembamba kama penseli. Katika yale mawili nilivuta vikonyo vitatu vitatu, nikabakiza zaidi ya nusu. La tatu sikuligusa, isipokuwa kuliwekea samadi na kuondoa bua la maua lilipochomoza, maana maua hunyonya nguvu ya mizizi. Mwaka 2018 nilivuna yale mawili kwa wiki kadhaa, nikakoma mwishoni mwa Juni ili majani yajilishe, na lile la tatu nikalipita tena.

Aprili 2019 mzee alinikuta nikipalilia. Aliinama kwenye shina la tatu, akayafunua majani yake, akanionyesha kikonyo kinene chekundu, akasema, "Sasa vuta."