Nilivyojifunza kunadi mbuzi wa sadaka

Huku Kilolo, Jumapili ya mavuno ibada haiishii kwenye baraka. Nje ya kanisa wazee wanapanga madebe ya mahindi, viazi, kuku waliofungwa miguu na mbuzi kama yupo, mnada unaanza. Mnadi wetu wa siku zote alipohamia Makambako, wazee wakaniambia, "Mwalimu, wewe una sauti. Kazi hiyo ni yako."

Sauti ninayo, ila kunadi si kupiga kelele. Nikaanza kuwatazama wanadi wa ng'ombe wa Marekani kwenye simu. Wenzetu wana mashindano ya dunia kabisa, tangu 1963, na mshindani ananadi ng'ombe wa kweli kwa wanunuzi wa kweli. Mwanzoni nilisikia mvumo tu. Nilipotega sikio vizuri nikaona wanashika namba mbili: bei iliyopo na bei wanayoitafuta. Katikati wanajaza vijineno vyepesi, ulimi uendelee kutembea huku macho yanasaka mkono ulioinuka. Na majaji wao hawapimi mbio tu. Wanataka bei isikike.

Nikaiga zoezi lao la kuhesabu kupanda na kushuka, nikifanya shambani wakati wa kupalilia (mke wangu alinivumilia). Tatizo, "elfu sabini na tano" ni ndefu, ukiikimbiza unatema mate. Nikaitupa "elfu", kwani nani asiyejua kwamba hakuna mbuzi wa shilingi sabini? Ikawa: "Sabini ninayo, na tano nani? Sabini ninayo, tano nani, tano nani, mama wa kitenge, tano!" Pumzi naivuta mkono unapoinuka, kwa sababu hapo wote wanageuka kumtazama aliyepandisha.

Utani ndio Wamarekani hawakunifundisha. Kwetu mtu ananunua jogoo kwa bei ya kushangaza, halafu anamrudisha anadiwe tena. Hapo mbio za nini? Bei ikiwa chini nakimbia, ikipanda napunguza, nachokoza: "Kwaya ya akina mama wamelala, vijana wanaondoka na beberu!" Akina mama wanachangishana palepale.

"Mara ya kwanza, mara ya pili" naziita taratibu, na kabla ya ya tatu namwangalia mtunza hazina. Nisipomsubiri, anakuwa bado anaandika jina la aliyechukua kuku wa nyuma, na ahadi ya mnadani isiyo kwenye daftari kuidai ni kazi.